Kipuri Huja Mwisho

Watu wengi huuona ukarabati wa kompyuta wa kujifurahisha, unaofanywa na mtu asiye na duka wala cheti, kuwa shughuli ya vijana wa mjini wenye muda na fedha za ziada. Miaka niliyoshika bisibisi katika ufukwe huu wa Ziwa Mweru imenifundisha kinyume. Huku, ambako Nchelenge na Kashikishi za Zambia zinatazamana na mji wa Kilwa wa Kongo, na kisiwa chenye jina hilohilo la Kilwa kikiwa katikati ya maji, ufundi huu wa ridhaa una kazi kubwa kuliko ulio nayo Lusaka, Lubumbashi au Dar es Salaam. Na katika yote niliyojifunza, somo moja naliweka mbele ya mengine: kompyuta huokolewa na mtu anayejua kwa hakika kilichoharibika kabla hajatoa hata ngwee moja ya kununulia kipuri. Kipuri huja mwisho. Anayeanza na kipuri hupoteza fedha, hupoteza muda, na mara nyingi huipoteza na mashine yenyewe.

Sababu ya kwanza ni umbali. Kutoka Lusaka hadi Nchelenge kwa njia ya Serenje na Mansa ni takriban kilomita 1,000. Daraja la Chembe, lililokamilika mwaka 2008, liliwaondolea wasafiri wa Copperbelt adha ya kungoja pantoni ya kuvuka Mto Luapula, lakini halikulisogeza soko la vipuri karibu na ziwa. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, ana droo iliyojaa RAM, diski na pawasaplai zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Kompyuta ikikataa kuwaka, hubadilisha kitu kimoja, akajaribu, akabadilisha kingine, hadi iwake. Hahitaji kufikiri sana, kwa sababu kubahatisha hakumgharimu kitu. Mkazi wa Kashikishi hana droo hiyo. Kipuri anachoagiza husafiri na basi usiku kucha, na kikifika si chenyewe, nauli ya kukirudisha inaweza kukaribia bei yake. Kwa anayeishi kisiwani, au ng'ambo upande wa Kongo, kuna boti juu ya basi, na kuna mpaka juu ya boti. Katika mazingira haya kubahatisha ni gharama, na kufikiri ndiyo njia rahisi. Ndiyo maana nasema anayeishi mwisho wa barabara anauhitaji ujuzi huu kuliko anayeishi jirani na soko.

Inafaa kukumbuka kwa nini ujuzi huu unawezekana kabisa kwa mtu wa kawaida. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, iliijenga kwa vipande vilivyonunuliwa kwa makampuni mengine, ikachapisha pia kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi zake. Wengine wakaiga, Compaq wakiwa miongoni mwa wa kwanza, na ndani ya miaka michache kadi iliyotengenezwa na kiwanda kimoja ikawa inaingia katika mashine ya kiwanda kingine. Mwaka 1995 Intel ikaleta mpangilio wa ATX, uliosawazisha matundu ya skrubu na plagi za umeme ndani ya kasha. Kwa sababu ya desturi hiyo ya kusawazisha vipande, diski ya inchi 2.5 inayouzwa leo inaingia katika kompyuta mpakato iliyotengenezwa miaka 15 iliyopita bila kubembelezwa. Huu ni urithi, na unaweza kupotea. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama na betri iliyogandishwa kwa gundi. Mashine ya namna hiyo ikiharibika Nchelenge, maarifa ya mwenyewe hayana mahali pa kuingilia. Kwa hiyo utambuzi ninaousema huanza siku ya kununua: geuza kompyuta, tazama chini yake, uone kama ina skrubu za kawaida na kifuniko kinachofunguka. Kompyuta za ofisini za zamani, kama ThinkPad nyingi za Lenovo na OptiPlex za Dell, zilitengenezwa zifunguliwe, na kwa ufukwe huu hiyo ni sifa kubwa kuliko wembamba na mng'aro.

Nitaonyesha kwa karibu maana ya kutambua. Malalamiko yanayosikika zaidi huku, hasa kuanzia Septemba joto linapopanda, ni ya kompyuta mpakato inayozimika yenyewe baada ya dakika chache za kazi. Mwenyewe huamini betri imekufa, au ubao mama umeungua, na huanza kuulizia bei. Lakini mashine inayozimika baada ya muda uleule kila mara, na inayokubali kuwaka tena ikipumzika, imeshajieleza: ina joto. Prosesa hupunguza kasi inapokaribia nyuzijoto 100, na joto likizidi kupanda hujizima yenyewe ili isiungue. Ukifungua kifuniko cha chini na kuitoa feni, unakuta kati yake na mapezi membamba ya shaba kuna tabaka la vumbi, nywele na nyuzi za nguo zilizoshikamana, nene kiasi cha kuinuliwa nzima kwa ncha ya kibano. Hewa haina pa kupita. Juu ya prosesa, grisi ya kupitishia joto imekauka na kupasuka, rangi yake imekuwa ya chokaa. Unasafisha mapezi kwa brashi laini huku ukiishika feni isizunguke, unafuta grisi ya zamani kwa spiriti, unaweka mpya kiasi cha punje ya kunde, unafunga. Hakuna kipuri kilichonunuliwa isipokuwa kijitubu cha grisi kitakachotosha mashine nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: vumbi lileile likiachwa mwaka mwingine, joto litadhoofisha lehemu za ubao mama, na hapo fundi wa ridhaa atakuwa hana la kufanya.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, lakini umewaponza watu wengi. Kompyuta ya mezani ya zamani inawaka vizuri, inaandika vizuri, lakini kila tovuti inayofunguliwa inakataa kwa onyo la usalama. Lawama huenda kwa mtandao wa simu, na mtu huongeza bando, hubadilisha laini, huhamisha modemu karibu na dirisha. Kumbe tatizo limekaa pembeni mwa ubao mama, katika betri bapa ya CR2032 ya volti 3, saizi ya sarafu. Betri hiyo ikiisha, saa ya kompyuta husahau tarehe kila umeme unapokatika na kurudi kwenye mwaka iliotengenezwa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine inayoamini kwamba sasa ni mwaka 2012, cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Kutazama saa iliyo pembeni mwa skrini kunatosha kugundua hili, na betri yenyewe ni ya aina inayotumika katika rimoti za magari. Mtu aliyezoea kuuliza kwanza hulimaliza jambo hili kabla chai haijapoa, na aliyezoea kununua kwanza atakuwa tayari amenunua modemu ya pili.

Kuna wakati kipuri kinahitajika kweli, na hapo pia utambuzi ndio unaochagua kipi. Kompyuta ikiwa nzito, ushauri wa haraka wa wauzaji ni kununua nyingine yenye prosesa mpya. Ukweli ni kwamba kwa kazi za kawaida, kuandika, kukokotoa, kusoma barua na kufungua tovuti, uzito mara nyingi hutoka kwenye diski. Diski ngumu ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hulazimika kuusogeza mkono wake wa kusomea kwa kila faili, na kwa hiyo hutimiza maombi yasiyofika hata 100 kwa sekunde. Diski ya SSD haina mkono wala sahani, na hata ile ya bei ya chini hutimiza maelfu mengi kwa muda huohuo. Ndiyo maana inaleta nafuu kubwa hata katika mashine ya zamani ambayo njia yake ya SATA ni ya kasi ndogo: ugonjwa ulikuwa kusubiri, na kusubiri ndiko kumeondolewa. Baada ya diski hufuata RAM, kutoka GB 4 hadi 8. Na hapa ndipo umbali unapomwadhibu asiyesoma. RAM za DDR2, DDR3 na DDR4 zina pengo la meno mahali tofauti na haziingiliani, lakini DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35 zina umbo moja, huku kompyuta mpakato nyingi za kizazi cha nne cha Intel zikikubali hiyo ya volti ndogo tu. Kusoma lebo ya RAM iliyomo ndani kabla ya kutuma fedha Lusaka ni kazi ya dakika moja, na inaokoa safari nzima ya basi.

Utambuzi hauishii kwenye mashine, unahusu pia bidhaa. Masoko yetu yana SSD na flashi bandia, nyingine zikiandikwa ukubwa wa TB 1 wakati chipu iliyomo haiwezi kubeba hata sehemu ya kumi ya hapo. Kompyuta hudanganyika na kuonyesha ukubwa ulioandikwa, mpaka siku data inapozidi uwezo halisi, ndipo faili za awali zinapofutwa bila onyo. Programu za bure kama H2testw ya Windows na F3 ya Linux hujaza diski kwa data na kuisoma tena, na uongo hujulikana kabla haujamdhuru mtu. Kwa diski za mtumba, CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski huziweka kuhusu afya yake: saa ilizofanya kazi, na sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Sehemu zilizohamishwa zikiwa zinaongezeka wiki kwa wiki, diski hiyo inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili data, hata kabla ya kufikiria kitu kingine. Shule iliyopoteza matokeo ya wanafunzi wake haiwezi kuyanunua tena kwa bei yoyote, na diski mpya haiyarudishi.

Hoja yangu ina wapingaji, na pingamizi lao zito kuliko yote ni kwamba kusifu kompyuta za zamani ni kufungulia mlango taka za nchi tajiri. Pingamizi hili lina msingi, na silipuuzi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Afrika ilijiwekea Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia taka za sumu, na tangu tarehe 1 Januari 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel yanadai ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya taka zozote za kielektroniki kuvuka mpaka. Uganda ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2009 kupiga marufuku kompyuta za mtumba. Lakini jibu la pingamizi hili ni utambuzi uleule. Kinachotenganisha kompyuta na taka ni mtu anayeweza kuipima. Jamii isiyo na watu wa namna hiyo itapokea makontena ya mashine zilizokufa na kushukuru, na itazitupa mashine nzima kwa sababu ya betri ya saa. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilithibitisha kwamba kompyuta zilizotumika zinaweza kupimwa, kukarabatiwa na kupelekwa shuleni, na zile zisizofaa zikapelekwa kwa wenye utaalamu wa kuzibomoa bila kuchoma moto nyaya.

Sisi wa ziwa hili tuna sababu yetu ya ziada ya kutotupa ovyo. Kaskazini mwa Kilwa ya Kongo uko mgodi wa Dikulushi, wenye shaba na fedha, ulioanza uchimbaji wa kisasa mwaka 2002. Madini yake yalivushwa kwa pantoni juu ya maji haya ya Mweru hadi upande wa Nchelenge, yakapakiwa kwenye malori kwenda kuyeyushwa mbali, kusini mwa Afrika. Na Oktoba 2004, katika mji huohuo wa Kilwa ulio kusini mwa mgodi, watu zaidi ya 70 waliuawa na wanajeshi baada ya uasi mdogo mjini humo, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaja kuamua kwamba dola ya Kongo iliwajibika. Ubao mama wowote unaofunguliwa hapa una nyuzi za shaba, na lehemu iliyotumika sana tangu Umoja wa Ulaya uzuie risasi mwezi Julai 2006 ni mchanganyiko wa bati, fedha na shaba. Sisemi kwamba shaba iliyomo katika kompyuta fulani ni ya Dikulushi, hakuna awezaye kujua. Nasema kwamba madini ya aina hii yana gharama inayojulikana katika familia za hapa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa uliochapishwa mwaka 2004 ulikokotoa kuwa kutengeneza kompyuta moja ya mezani na skrini yake kulihitaji kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Kuizika mashine yenye gharama hiyo kwa sababu feni imejaa vumbi ni ufujaji usio na utetezi.

Pingamizi la pili ni la umeme. Mwaka 2024 ukame ulioshusha maji ya bwawa la umeme la Kariba uliilazimisha Zambia kugawa umeme kwa saa chache kwa siku, na hapo mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tutunze mashine za zamani zinazokula umeme mwingi. Hapa nakubaliana kwa sehemu, na ukweli lazima usemwe: si kila kompyuta inafaa kufufuliwa. Kompyuta ya mezani ya zama za Pentium 4 inaweza kuvuta zaidi ya wati 100 kwa kazi ambayo kompyuta mpakato ya mwaka 2014 huifanya kwa wati 20. Nyingi za zama hizo pia zina kapasita mbovu, tatizo lililoenea duniani katika miaka ya mwanzo ya 2000. Vichwa vyake huvimba na kutoa utomvu wa kahawia, na jicho lililozoea huvitambua kabla ya swichi kubonyezwa. Mashine hizo zitolewe skrubu, nyaya na kasha, kisha ziagwe. Lakini kompyuta mpakato ya wati 20, ikifanya kazi saa nane, hutumia wati-saa 160, kiasi ambacho paneli ya wati 100 yenye betri nzuri hukimudu siku ya jua. SSD huipunguzia zaidi mahitaji. Umeme unapokatika, mashine yenye betri hai haizimiki ghafla, na ghafla hiyo ndiyo inayoharibu diski na faili. Anayetumia kompyuta ya mezani aichomoe umeme unapokatika, na asiichomeke mara tu unaporudi, kwa sababu volti za dakika za kwanza hazitabiriki na huua pawasaplai nyingi. Hoja ya umeme, kwa hiyo, inatufundisha kuchagua mashine ya kukarabati, na haituambii tuache kukarabati.

Wengine husema mashine za zamani si salama. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane na kuendelea. Mamilioni ya kompyuta nzima kabisa zimeachwa nje ya mlango huo. Ni kweli kwamba kuingia benki kwa mfumo usiotunzwa ni hatari, na anayekarabati kompyuta akaiacha hivyo amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuweka mfumo unaotunzwa. Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint uliojengwa juu yake, hufanya kazi vizuri katika mashine ya zamani yenye RAM ya kutosha na SSD, na hupokea marekebisho ya usalama bila malipo. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakuwa watazamaji katika historia hiyo: mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Tatizo lililobaki ni la mazoea, na mazoea hujengwa. Kuna kazi zinazodai programu fulani za Windows pekee, na kwa ofisi yenye kazi hizo kununua kompyuta mpya ni uamuzi sahihi. Lakini uamuzi huo ufuate uchunguzi wa kazi yenyewe, usifuate tangazo.

Pingamizi la nne ni la simu. Karibu kila mtu sokoni Kashikishi ana simu, na inaulizwa kompyuta ni ya nini tena. Simu imefanya mengi na inastahili sifa zake. Hata hivyo, mwalimu hatungi mtihani wa kurasa kumi kwa kidole gumba, wala karani wa ushirika wa wavuvi haweki hesabu za msimu kwa njia hiyo. Mtaala wa Zambia wa mwaka 2013 uliliweka somo la kompyuta kuwa la lazima katika sekondari ya chini, na mtihani wake ulikuwa na sehemu ya vitendo. Mtoto wa Nchelenge hupimwa sawa na mtoto wa Lusaka, hata kama mashine ya shule yake imesimama kwa sababu ya grisi iliyokauka. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani hapa mapema mwaka 2018 kwa ajili ya maelfu ya watu waliokimbia vita Haut-Katanga na Tanganyika, Kiswahili ni lugha ya kila siku, na kompyuta moja nzima yenye programu ya Kiwix inaweza kubeba Wikipedia ya Kiswahili yote na kuisomesha bila intaneti. Kazi kama hiyo haidai mashine mpya. Inadai mashine inayowaka, na mtu wa jirani anayejua kuiweka katika hali ya kuwaka.

Mwisho wapo wanaohofia kwamba watu wa ridhaa wataharibu zaidi ya watakavyotengeneza, na watawanyima mafundi riziki. Hofu ya kwanza ni halali pale mtu anapofungua asichokijua. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita inayoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa, na hapo pasiguswe na asiyefundishwa. Betri ya lithiamu iliyovimba itolewe polepole, isitobolewe wala kukunjwa. Zaidi ya hayo, kinga ya uharibifu ni utaratibu: kuchomoa umeme na betri, kugusa chuma ili kuondoa umeme tuli, kuzipanga skrubu kwenye karatasi kwa mahali zilikotoka, na kuandika kila kilichofanywa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa kompyuta: daftari linaloonyesha tarehe ya grisi, aina ya RAM na hali ya diski huokoa uchunguzi wa mara ya pili. Ama riziki ya fundi, haiibwi na mteja mwenye kuelewa. Anayejua kwamba diski yake ni nzima na tatizo liko kwenye saketi ya chaji humpelekea fundi kazi inayohitaji ufundi wake, akiwa tayari kuilipia. Anayepoteza ni muuzaji anayeishi kwa kubahatisha kwa fedha za wengine.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu, makarani, vijana wa Kashikishi, Kilwa na Mantapala, na kwa yeyote anayeishi mbali na soko, ni hili. Kabla ya kuitangaza kompyuta kuwa imekufa, ifungue. Soma lebo zake, tazama saa yake, sikiliza feni yake, pima diski yake, kisha andika ulichokiona. Shule yenye kompyuta ichague wanafunzi wachache wafundishwe kufanya hivyo kila muhula, na iwape bisibisi, brashi na daftari. Vifaa hivyo vinagharimu kidogo kuliko nauli ya mtu mmoja kwenda Lusaka, na faida yake itaonekana kwanza katika kompyuta ambazo zimefunikwa vitambaa stoo, nyingi zikiwa bado nzima.